Alexander alikuwa "Mkuu" kwa nani?

Muhula uliopita nilikuwa darasani nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili jinsi lugha zinavyosambaa. Nilipofikia Kigiriki cha kale, niliandika ubaoni jina la Alexander Mkuu, na kando yake mwaka wa 334 K.K., yaani kabla ya kuzaliwa Kristo. Kabla sijageuka, sauti ilitoka safu ya nyuma: "Samahani, Daktari. Alikuwa Mkuu kwa nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilijibu kwa maneno mawili matatu ambayo hayakumtosheleza aliyeuliza, wala hayakunitosheleza mimi mwenyewe. Nimeona heri nilijibu swali hilo leo hapa ukurasani, maana halikuwa swali la mzaha.

Wengi wetu tulikutana na Alexander kwenye ramani. Kuanzia Ugiriki hadi Mto Indus, nchi zote zimepakwa rangi moja, na katikati umechorwa mstari unaoonyesha njia aliyopita. Mtoto akiitazama ramani ile huamini kwamba palikuwa na dola moja kubwa, imara, yenye watu waliounganishwa na mtu mmoja shujaa. Mimi nasema ramani ile yatudanganya. Alichopanua Alexander, kwa hakika, ni njia ya jeshi lake. Kilichopanuka na kudumu kilikuwa kitu kingine, nacho kilipanuliwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ramani yoyote.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Alexander alizaliwa mwaka wa 356 K.K. mjini Pella, katika ufalme wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake, Mfalme Philip wa Pili, ndiye aliyeunda jeshi lenye mikuki mirefu ya takriban mita tano, akayatiisha madola madogo madogo ya Wagiriki, na akapanga kuivamia Uajemi. Philip aliuawa mwaka wa 336 K.K. katika sherehe za arusi ya bintiye. Kijana wa miaka 20 akarithi jeshi lililokwisha kufunzwa na vita vilivyokwisha kupangwa.

Mwaka wa 334 K.K. alivuka kutoka Ulaya kuingia Asia, akashinda kwenye Mto Granicus. Mwaka uliofuata, huko Issus, alimtimua Mfalme Darius wa Tatu wa Uajemi, ambaye aliwaacha mama yake, mkewe na watoto wake mikononi mwa adui. Mwaka wa 332 K.K. aliuzingira mji wa Tiro kwa miezi saba mpaka ukaanguka, kisha akaingia Misri ambako hakupingwa. Mwaka wa 331 K.K. alimshinda Darius mara ya pili huko Gaugamela, kaskazini mwa Iraq ya leo. Babeli ikafungua malango, Susa ikafungua malango, na mwaka wa 330 K.K. majumba ya kifalme ya Persepolis yakateketezwa kwa moto. Akasonga mbele hadi Afghanistan na Uzbekistan za leo, alikopigana miaka mitatu. Mwaka wa 326 K.K. alikuwa ng'ambo ya Indus, akimshinda Mfalme Porus katika nchi iitwayo Pakistan hivi leo. Ni askari wake mwenyewe waliomzuia. Walipofika Mto Hyphasis, ambao sasa huitwa Beas, walikataa kuvuka, na mfalme ambaye hakuwahi kushindwa vitani akalazimika kugeuka nyuma.

Yote hayo yalitukia katika miaka minane. Ni dhahiri msomaji atajiuliza: yaliwezekanaje? Wapenzi wa mashujaa husema ni kipaji cha mtu mmoja. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini ukichunguza utaona kwamba hakuziteka nchi mojamoja kama mtu anayechuma maembe. Alitwaa dola moja iliyokuwa imekwisha kujengwa. Waajemi walikuwa wameijenga kwa zaidi ya miaka 200. Walikuwa na magavana wa majimbo, hazina zilizojaa fedha, na barabara ya kifalme ya takriban kilomita 2,500 kutoka Sardis hadi Susa. Aidha walikuwa na lugha ya maandishi ya ofisi, Kiaramu, iliyotumika kuanzia Misri hadi Baktria, yaani pande za Afghanistan.

Alexander aliikalia nyumba hiyo bila kuibomoa. Mazaeus, kamanda wa Kiajemi aliyepigana naye huko Gaugamela, alipomkabidhi Babeli alifanywa gavana wa mji huo huo. Hata makarani walibaki. Miongoni mwa hati za kale zilizopatikana kutoka Baktria mna moja yenye tarehe ya mwaka wa saba wa utawala wa Mfalme Alexander. Hiyo nayo imeandikwa kwa Kiaramu. Mfalme amebadilika, karani ni yule yule, na wino ni ule ule. Kwa mwanaisimu, hati hiyo yasema mengi kuliko sanamu zote za mpanda farasi.

Nao waliokataa kufungua malango? Wahenga walinena kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwaka wa 335 K.K., kabla hata hajavuka kwenda Asia, Alexander aliubomoa mji wa Thebes, ambao ulikuwa mji wa Wagiriki. Waandishi wa kale wasema waliouawa walikuwa 6,000, na waliouzwa utumwani 30,000. Huko Tiro, mwandishi Arrian ataja maiti 8,000 na watumwa wengine 30,000. Hata tukizipunguza hesabu hizo kwa kuchelea kwamba zilitiwa chumvi, swali la mwanafunzi wangu labaki pale pale. Mama wa Thebes aliyepigwa mnada pamoja na wanawe angemwita mtu huyu nani?

Wapo wanaomtetea kwa hoja nzito zaidi. Mwaka wa 1933 mwanahistoria Mwingereza, W. W. Tarn, alitoa mhadhara akidai kwamba Alexander alikuwa na ndoto ya kuwaunganisha wanadamu wote wawe ndugu. Ushahidi unaotajwa sana ni arusi za Susa za mwaka wa 324 K.K., ambapo makamanda wapatao 80 waliozwa mabinti wa wakuu wa Uajemi kwa siku moja. Maneno haya ni matamu, lakini hebu tuitazame arusi yenyewe. Mabwana arusi wote walikuwa upande wa washindi, na mabibi arusi wote upande wa walioshindwa. Hakuna kijana hata mmoja wa Kiajemi aliyeletewa mke kutoka Makedonia. Udugu wa namna hiyo ni wa mwenye kisu na mwenye nyama. Tena mfalme alipofariki, wengi wa mabwana wale waliwaacha wake zao. Seleucus ndiye anayetajwa kwa kumweka wake, Apama, na mtoto wao akaja kuwa mfalme.

Mimi hupenda kuipima hoja ya udugu kwa kipimo cha taaluma yangu: ni nani aliyejifunza lugha ya mwenzake? Arrian aeleza kwamba katika Wamakedonia wote, Peucestas peke yake ndiye aliyevaa mavazi ya wenyeji na kujifunza Kiajemi alipofanywa gavana wa nchi ya Waajemi. Waajemi walifurahi, na Alexander alimsifu, lakini Wamakedonia wenzake walinuna. Kwa upande wa pili, vijana 30,000 wa Kiajemi waliamriwa wafundishwe Kigiriki na kufunzwa silaha za Kimakedonia. Mizani hiyo haihitaji maelezo.

Hata ndani ya kambi, lugha ilikuwa jambo la kuwatia watu majaribuni. Mwaka wa 330 K.K. jemadari Philotas alishtakiwa kwa uhaini. Kwa mujibu wa mwandishi Mrumi, Curtius, Alexander alimwuliza kama angejitetea kwa lugha ya kwao, yaani Kimakedonia. Philotas akajibu kwamba angesema kwa lugha aliyoitumia mfalme mwenyewe, ili wengi zaidi waelewe. Mfalme akamgeuzia kibao, akadai kwamba mtu huyu anachukia hata lugha ya wazazi wake. Philotas aliuawa. Msomaji anayefuatilia siasa za nchi yoyote ile atakuwa amekwisha kuutambua mchezo huo wa kumpima mtu uzalendo kwa ulimi wake, hasa pale anayepima naye anatumia ulimi mwingine.

Alexander alifariki mjini Babeli mwezi wa Juni, mwaka wa 323 K.K., kabla hajatimiza miaka 33. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Makamanda walianza kunyang'anyana nchi. Nduguye, aliyetawazwa kwa jina tu, aliuawa. Mama yake aliuawa. Mjane wake, Roxana, na mwanawe ambaye hakumwona baba yake, wote waliuawa kabla mtoto hajafikia umri wa kutawala. Seleucus alimwachia Mfalme Chandragupta majimbo ya bonde la Indus, akapewa tembo 500. Katika Baktria, Wagiriki zaidi ya 20,000 waliokuwa wamelowezwa huko kwa amri walifunga virago ili warudi kwao. Wenzao Wamakedonia wakawafuata na kuwaua. Rangi moja ya ramani, kwa hakika, haikudumu hata kizazi kimoja.

Hapo ndipo kisa cha jeshi kinapokwisha na kisa cha lugha kinapoanza. Kigiriki kilichosambaa hakikuwa Kimakedonia cha Alexander, wala lahaja ya mji wowote mmoja. Kilikuwa mchanganyiko uliojengwa juu ya lahaja ya Athens, ukapunguzwa makali na ugumu wake. Wenyewe waliuita koine, yaani lugha ya wote. Sisi wanaisimu tumelichukua neno hilo, na hadi leo twaita koine lugha yoyote inayozaliwa lahaja zinapokutana na kusuguana.

Ni nani aliyeisambaza? Mkuki ulifungua mlango, siwezi kulikana hilo. Lakini waliopita mlangoni na kukaa walikuwa makarani, walimu, mahakimu na wachuuzi, na kazi yao ilichukua karne kadhaa. Huko Misri, wafalme wa ukoo wa Ptolemy waliwasamehe walimu wa Kigiriki kodi ya chumvi. (Naona walimu wenzangu wanaosoma makala haya wanatabasamu kwa huzuni.) Mkataba ulioandikwa kwa Kigiriki ulikubaliwa mahakamani, na barua iliyoandikwa kwa Kigiriki ilifika. Mkulima aliyetaka kushtaki dhuluma alimtafuta mwandishi anayekijua. Watu walijifunza kwa sababu ya haja, na haja haina mwalimu mkali kuliko yenyewe.

Kisha likatukia jambo ambalo washindi hawakulitazamia. Walioshindwa waliishika lugha ile na kuitumia kusema habari zao wenyewe. Manetho, kuhani Mmisri, aliandika kwa Kigiriki historia ya wafalme wa kale wa Misri. Berossus wa Babeli aliwaandikia Wagiriki historia ya nchi yake. Wayahudi wa Iskandaria waliitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya tatu K.K. Mfalme Ashoka wa Bara Hindi, katikati ya karne hiyo hiyo, aliamuru tangazo lake lichongwe kwenye mwamba kwa Kigiriki na Kiaramu huko Kandahar, naye alikuwa akiwahimiza watu waache kuua viumbe. Mwamba huo uligunduliwa mwaka wa 1958. Lugha iliyoletwa na jeshi ikawa inahubiri huruma, tena kwa kinywa cha mfalme Mhindi! Hata Injili, karne tatu baadaye, ziliandikwa kwa koine. Huko Misri Kigiriki kiliendelea kuwa lugha ya ofisi mpaka karne ya nane baada ya Kristo, yaani takriban miaka 1,000 baada ya Alexander kuzikwa.

Nisieleweke vibaya. Siimbi sifa za lugha ile kana kwamba haikumdhuru mtu. Wafalme wa ukoo wa Ptolemy waliwatawala Wamisri kwa karibu miaka 300, na Plutarch atuambia kwamba Cleopatra, aliyekufa mwaka wa 30 K.K., ndiye wa kwanza wao aliyejifunza Kimisri. Ebu fikiria: mfalme baada ya mfalme, wote wakila jasho la watu wasioweza kuzungumza nao.

Kuna Kilidia pia. Alexander alipoingia Sardis mwaka wa 334 K.K. aliwaruhusu Walidia waendelee na sheria zao za jadi, nao yamkini walishukuru. Lakini mwanajiografia Strabo, aliyeandika karne tatu na ushei baadaye, asema kwamba katika nchi ya Lidia yenyewe hakukuwa na hata dalili ya lugha ya Walidia. Hakuna aliyewapiga marufuku. Wazazi walianza tu kuona kwamba lugha ya nyumbani haimpi mtoto kazi wala haki mahakamani. Wakanyamaza kidogo kidogo, mpaka siku moja akafariki mzee ambaye hakuna aliyejua kwamba ndiye wa mwisho. Sisi tunaoishi na lugha nyingi zenye wasemaji wachache tungefaa kulisoma kaburi hilo la Kilidia kwa makini kuliko tunavyozisoma tarehe za vita.

Na pwani yetu je? Alexander hakuiona, wala jeshi lake halikuikaribia. Lakini lugha ilifika. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kwa koine mwongozo wa mabaharia wa bahari zetu. Kitabu hicho, *Periplus ya Bahari ya Erythraea*, kina maelezo ya zamani kabisa tuliyo nayo ya pwani ya Afrika Mashariki. Chataja soko la Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo, na pembe za ndovu zilizouzwa huko. Chaeleza kwamba jina Rhapta latokana na vyombo vya huko vilivyoshonwa, maana kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya kushona. Mzee yeyote wa Lamu anayekumbuka habari za mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, atajua kwamba yule mchuuzi hakuwa anaota.

Kuna sentensi katika kitabu hicho ambayo hunisisimua kila mwaka ninapoifundisha. Mwandishi asema kwamba manahodha Waarabu waliotumwa huko walizoeana na wenyeji, wakaoana nao, na wakaielewa lugha yao. Mnaona tofauti? Huko Susa watu waliozwa kwa amri, na Wamakedonia wakamnunia mtu mmoja aliyejifunza lugha ya wenyeji. Rhapta hapakuwa na amri ya Alexander. Palikuwa na biashara, ndoa, na mgeni aliyefunga mdomo wake kwanza asikilize wenyeji wanasemaje.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Maandishi ya zamani kabisa yaliyobaki yanayomwita Alexander "Mkuu" yamo katika mchezo wa kuchekesha wa Mrumi, Plautus, ulioandikwa zaidi ya karne moja baada ya Alexander kufa. Warumi, nao wakiwa katika harakati za kuteka nchi za watu, walikuwa na sababu nzuri ya kumpenda. Katika vitabu vya dini ya kale ya Waajemi, ya Zoroaster, jina lake huandamana na neno lenye maana ya "aliyelaaniwa". Baadaye washairi Waajemi walimfanya shujaa wao, wakamwita Iskandar. Kwa hivyo jibu ni hili: alikuwa Mkuu kwa waliotaka kuwa kama yeye, na mlaaniwa kwa waliozika watu wao. Jina ni hukumu, na hukumu hutegemea ni nani aliyekaa kitini.

Je, tulifute neno hilo vitabuni? Sioni haja. Likiachwa litatusaidia kumtambua mtu huyo miongoni mwa wengi wenye jina lake. Ninachowaomba walimu wa historia na lugha ni kwamba, kila wanapoitandaza ile ramani yenye rangi moja, wawape wanafunzi nafasi ya kuuliza swali lililoulizwa darasani mwangu. Wawaeleze habari za karani wa Baktria na mkulima wa Misri, na za yule mzee wa mwisho wa Lidia. Na mtoto akiuliza, asichekwe. Mwaka huu nitaandika jina lile tena ubaoni, kisha nitanyamaza ningoje sauti kutoka safu ya nyuma.